Mchanga wa filta ya bwawa: wa pwani, wa shimo, silika au chupa zilizosagwa?

Fundi_Jambiani: Assalam alaykum. Nahudumia bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni huku Jambiani, Unguja. Mchanga wa filta umechoka, maji hayang'ai hata nikishaiosha. Tajiri anauliza kwa nini tununue mchanga wa magunia kutoka Dar na mweupe pe tunao mlangoni. Nimjibu nini? Na chupa zilizosagwa je?

Mkemia_Chukwani: Waalaykum salaam fundi. Mwambie atie kijiko cha mchanga huo kwenye gilasi, aumiminie siki. Utatoa povu papo hapo. Ufukwe wetu wa mashariki ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Silika, ule mchanga wa magunia, ni kwarizi, madini magumu. Siki haiifanyi kitu, wala tindikali ya bwawani.

Sasa fikiria filta imejaa chokaa. Unatia tindikali ushushe pH (kipimo cha uchachu wa maji), mchanga unaila, pH inapanda tena. Maji yanazidi kuwa magumu, yaani kujaa chokaa, na ya visima vyetu tayari yamepita kwenye jiwe la matumbawe. Halafu punje zinalika na kushikana mabonge, maji yanajitafutia mwanya na kurudi bwawani hayajachujwa. Kwa ugumu pia hazilingani: kwarizi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, chokaa ni 3. Filta nyingi zinataka punje za karibu 0.4 hadi 0.8 mm, zilizooshwa, zisizo na vumbi. Weupe si kigezo kabisa.

BintiDonge: Na wa shimo msimshauri. Silika imo, lakini imechanganyika na udongo na punje za kila saizi. Kwa kujengea sawa, kwenye filta utaziba. Kuuosha na kuuchekecha mpaka ufae ni kazi inayopita bei ya gunia. Wa pwani ndiyo kabisa: kuuchota bila kibali ni kosa, na fukwe zinaliwa na bahari tunaona kwa macho yetu. Inaniuma sana.

Mpemba_Mkoani: Kioo kinafaa, mimi nakipenda. Asili yake ni silika iliyoyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Uso wake laini, uchafu haung'ang'anii, na uzito unaohitajika ni pungufu kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Lakini kiwe kile kilichotengenezewa filta, makali yameondolewa. Chupa za kuponda wenyewe hapana, vipande vyembamba vikipenya vinaingia wanamoogelea watoto.

Nahodha_Mtoni: Samahani naingilia. Silika hiyo naweza kupigia kutu kwenye boti ya chuma kwa kompresa?

Mkemia_Chukwani: Usithubutu, kaka. Punje zikipasuka zinatoa vumbi linaloganda mapafuni, na ugonjwa wake, silikosisi, hauponi. Uingereza walilikataza jambo hilo kwa kanuni za 1949. Tafuta ganeti, punje za madini magumu ya kukwangulia: ina uzito wa karibu mara 4 ya maji (kwarizi ni 2.65), inakwangua vizuri, na ukiichekecha unaitumia tena. Barakoa ya kupulizia hewa bado lazima, maana vumbi la kutu na la rangi ya zamani nalo lina madhara.

Fundi_Jambiani: Ahsanteni sana. Siki nitamfanyia mbele yake, kisha niagize silika. Kioo bei yake hataikubali mwaka huu.

Mpemba_Mkoani: Vyema. Kabla hujamimina, jaza filta maji nusu, mchanga ushuke taratibu usivunje vibomba vya chini. Ukimaliza, uoshe kwa kugeuza maji mpaka yatoke safi, ndipo usome geji ya presha na kuandika namba yake. Ikipanda psi (kipimo cha presha) 8 hadi 10 juu ya hapo, osha tena.