UKOO WETU ✈️ safari ya Mama Mkubwa

Rehema (saa 2:05 asubuhi): Jamani, za asubuhi. Nimeangalia: kutoka kiwanja cha kwa Mama Mkubwa hadi cha kwa Hamisi ni kilomita 640. Saa 1 na dakika 18. Ijumaa aondoke saa 9 alasiri, saa 10 na nusu ameshatua. Nani anampokea?

Rehema (2:40): Naona mmesoma.

Rehema (3:22): Watu 23!

Idi (4:10): Dada, hiyo dakika 18 umeitoa wapi?

Rehema: Kwenye simu. Unaandika viwanja viwili, inakuletea.

Idi: Inagawa kwa kilomita 800 kwa saa, mwendo wa jeti, halafu inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kule inatua Cessna Caravan, ndege ndogo ya pangaboi, 320 kwa saa hivi. Na 640 ni mstari ulionyooka. Ndege ya abiria haipiti huo mstari. Ni 410 hadi katikati, abadilishe, halafu 530. Karibu saa 3 angani, kungoja sijahesabu.

Mwanaidi: Scotland kuna ndege ya Westray hadi Papa Westray, kilomita 2.7, dakika 2 😂 Unafunga mkanda, unafungua

Salum: Mjomba Shaaban hata hiyo angekoroma 😂😂

Shaaban: Mimi tena nimefanya nini

Rehema: TUNAONGELEA MGONJWA

Idi: Saa 9 haiwezekani. Kwa Hamisi hakuna taa, rubani lazima atue jua halijazama. Mafuta hakuna, anabeba na ya kurudia. Ndiyo maana mizigo kilo 15, begi laini.

Rehema: Tukikodi?

Idi: Moja kwa moja, saa 2. Upepo wa mbele ukiwa 40, saa 2 na dakika 17.

Zuhura (7:51 mchana): Harusi yangu nayo ilikuwa "saa moja tu". Mama kaingia ukumbini viti vimeshakunjwa.

Rehema: Zuhura, hilo tulishaombana radhi.

Zuhura: Uliomba wewe. Mama hana picha hata moja na mimi siku ile.

Salum: *Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mkubwa (11:30 jioni): Nimesoma yote. Mama yenu ana miaka 81 na mgongo mnaujua. Hashushwi ndege moja akapandishwa nyingine. Ataondoka asubuhi, moja kwa moja. La sivyo abaki, nami nitabaki naye.

Idi: Sawa Baba.

Zuhura: Shikamoo Baba. Sawa.

Rehema: Shikamoo Baba. Basi tunakodi, Jumamosi asubuhi. Wa kuchangia wajiandike:
1. Rehema
2. Idi
3.

Shaaban: Niandikeni, nitathibitisha keshokutwa

Halima (4:48 usiku): Samahani, simu ilikuwa chaji. Kwani Mama Mkubwa anahama?

Hamisi (5:15 usiku): Mtandao ndiyo umerudi. Kiwanja kina maji tangu juzi, upande wa kutulia ni tope. Kesho nitakwenda kukikanyaga, niwaambie.

Rehema: Hamisi, nenda alfajiri. Na Mama Mkubwa asiambiwe Jumamosi bado.