Mjadala: Shakespeare aliruhusiwa na nani kuichezea damu ya Kaizari?

Wakuu, mwanasiasa akisalitiwa na swahiba wake, hakosi mtu wa kurusha "Et tu, Brute?" (Kilatini: "Hata wewe, Brutus?") kana kwamba Kaizari, mtawala wa Roma, alitamka hivyo alipomwona rafiki yake Brutus kati ya wauaji wake. Suetonius, Mrumi aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, anasema marehemu aliguna mara moja tu, bila kusema neno. Anaongeza kuwa wapo waliodai alimwambia Brutus kwa Kigiriki, "Hata wewe, mwanangu?" Kile Kilatini kimeenea kwa sababu ya tamthilia ya Shakespeare ya 1599, Julius Caesar. Si hilo tu. Mauaji ya 15 Machi mwaka 44 KK yalitokea kwenye ukumbi wa Pompey, yeye kayahamishia Capitol, kilima kingine cha Roma. Majeraha 23 kayafanya 33. Tena usiku, nyumbani kwa Brutus, saa inagonga kengele! Roma ile ya kupima muda kwa kivuli na maji!

Msimamo wangu: tukio la kweli liachwe. Msanii atunge lake.

JIBU: Mkuu, saa nakuachia. Ila Plutarch, mwandishi Mgiriki ambako Shakespeare alichota, naye alizaliwa miaka kama 90 baada ya mauaji. Alisimuliwa, akasimulia. Kwake Antony, rafiki wa Kaizari, anamsifu marehemu mazishini, anaona watu wameguswa, anakunjua vazi lenye damu na kuonyesha matobo ya visu. Mistari michache, basi. Shakespeare akampa kauli moja, kwamba Brutus ni mtu wa heshima, airudie na kuirudia mpaka ikageuka tusi. Umati ukachafuka, ukamkamata Cinna mshairi. Analia kuwa siye Cinna muuaji, wamefanana jina tu. Wanajibu: "Basi mrarueni kwa mashairi yake mabovu!" Kifo hicho Plutarch anacho. Huo mzaha wa kutisha hana, nami umati nimeuelewa hapo.

JIBU: Mnamsahau Mwalimu Nyerere. Aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuridhika, akairudia 1969. Hata jina, Julius Caezar, likawa Juliasi Kaizari. Na hakufunga vina. Nilipomsomea babu ukurasa mmoja, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa shairi lenyewe linaanza lini?" Kwa kanuni ya mwanzisha mada, hata Mwalimu angezuiwa.

MWANZISHA MADA: Mwalimu alitafsiri, hakuongeza maiti jeraha. Msinichanganyie. La Cinna nimekubali, nimelisoma tena usiku huu. Ila hayo majeraha 10 ya ziada, nani alimchoma?