Tupeane uzoefu: mbuzi wako huko maweni, kwenye ardhi ya mawe na vichaka, anachagua kula nini?

Mjukuu wa Makunduchi: Kaskazi imeshika, maweni kumekauka. Asubuhi nimemfuata jike langu. Mnyaa, ule wa utomvu mweupe unaochoma, kaupita kama hauoni. Kwenye mkunazi kasimama kwa miguu ya nyuma, kachuma ncha kwa midomo katikati ya miba, tonge mbili tatu, kahamia mkwaju. Hajamaliza mti hata mmoja. Wenu je?

Bi Mkubwa: Wangu hivyo hivyo. Mwarobaini huonja, halafu huyo kaondoka.

Mpemba wa Micheweni: Mmenikumbusha msiba. Nilikuwa na sita. Siku hiyo nilikwenda mazikoni, wakashinda bandani bila kitu. Narudi saa kumi, wanalia njaa. Jirani kavuna muhogo, majani yamelala shambani, nikabeba mzigo nikawamwagia. Hawakuchagua tena, waligombania. Sijamaliza kuteka maji, wa kwanza kaanguka, anahema kama aliyekimbizwa, povu mdomoni. Nimemshika kichwa, wa pili naye. Usiku ule nilizika wanne, mmoja ana mimba. Mganga wa mifugo akaniuliza muhogo gani. Mchungu, nikamwambia. Akanieleza kuwa majani yake mabichi yakitafunwa hutoa sumu ya sayanaidi, na mwenye njaa hula mengi kwa pupa, mwili hauwahi kuiondoa.

Kijana wa Paje: Inna lillahi. Pole sana ami.

Mzee Kombo: Pole. Lakini mie miaka yote nawapa majani ya muhogo, hawajafa.

Bi Mkubwa: Muhogo gani, mzee? Mtamu na mchungu si mamoja. Na wewe huanika juani kwanza.

Mzee Kombo: Naanika wasiharishe, si kwa sumu!

Bi Mkubwa: Basi huko kuanika ndiko kunakowaokoa.

Kijana wa Paje: Mie nilileta wawili wadogo kutoka mjini, wamezaliwa bandani, wamelelewa kwa pumba. Maweni walisimama tu wakilia. Nikawatia kwa jike mzee. Wakawa wanamnusa mdomo, anachotafuna yeye ndicho wanachokifuata.

Mjukuu wa Makunduchi: Anayefuga bandani akate matawi ya aina nne tano, mbuzi achague mwenyewe.

Mzee Kombo: Bora umfungue kamba.

Bi Mkubwa: Umfungue aingie shamba la watu, kesho uitwe kwa sheha, mkubwa wa mtaa?

Mpemba wa Micheweni: Wale wawili waliobaki walikula kidogo, wakaumwa, wakapona. Mpaka leo jani la muhogo hawaligusi, hata niliweke mbele yao.