Shangazi yangu alilipa mchango. Jedwali la programu ya chama ndilo linalosema uongo

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, ila kila nilichoeleza hapa nimekijaribu kwa mikono yangu kabla ya kukiandika.

Jumapili iliyopita shangazi yangu alitozwa faini ya shilingi 200 mbele ya wanachama wenzake 33 kwa kosa ambalo hakulifanya. Anauza vitunguu soko la Marikiti, Nairobi. Hutoka mtaani Umoja saa kumi alfajiri, na kwa miaka sita ambayo amekuwa kwenye hicho chama, kikundi cha kuchanga kila mwezi na kupokea kwa zamu, hajawahi kuchelewesha mchango. Mwezi huu alituma 2,000 zake tarehe 3, na ujumbe wa M-Pesa anao. Mweka hazina alipofungua programu ya chama, jina la shangazi lilikuwa kwenye mstari mwekundu. Nyekundu maana yake hajalipa.

Shangazi akatoa simu, akaonyesha ujumbe. Mwenyekiti akautazama, kisha akasema pesa huenda zilikwama njiani, lakini simu haina sababu ya kumsingizia mtu. Faini ikaandikwa. Jioni hiyo alikuja kwangu akiwa bado na kitenge cha sare ya chama, akaketi, chai hakuigusa. Akaniuliza: "Baba, wewe ndiye fundi wa hizi programu. Niambie, nimeibiwa au nimeanza kusahau?"

Mtu wa miaka 61 anayekumbuka bei ya gunia la vitunguu ya mwaka juzi, leo anajishuku kwa sababu ya rangi kwenye kioo.

Nikachukua simu yake, nikafungua orodha ileile. Mstari wake ulikuwa mweupe. Nikaisogeza orodha hadi mwisho, nikarudi juu. Mwekundu. Nikashuka tena, nikapanda tena. Mweupe, na sasa aliyekuwa mwekundu ni mama mwingine, wa nne kutoka kwake. Nilipobonyeza jina la shangazi, ukurasa wa ndani ukasema wazi: amelipa 2,000, tarehe 3. Kumbe rekodi iko sawa kabisa! Pesa ilifika, ikaandikwa, ikahesabiwa. Kilichomwaibisha ni rangi ya nyuma ya seli moja, yaani mstari mmoja wa jedwali.

Kwa ambao hamwandiki programu, nitaeleza, maana nataka hata mweka hazina akisoma aelewe. Orodha ya watu 34 kwenye simu haitengenezi mistari 34. Inatengeneza ile inayotosha kujaza skrini na michache ya akiba. Ukisogeza orodha, mstari uliotoka juu unachukuliwa, unaandikwa jina jipya na kuingizwa chini. Ni kama kibanda cha chakula chenye sahani 12 na wateja 40: sahani ikitoka kwa mteja mmoja inamwendea mwingine. Hakuna ubaya hapo, mradi ioshwe. Jedwali la iPhone, UITableView, limefanya kazi hivyo tangu mwaka 2008. Kwa upande wa Android, ListView ilikuwa na desturi hiyohiyo, na RecyclerView iliyokuja mwaka 2014 imebeba habari hiyo ndani ya jina lake: "recycle" ni kutumia tena. Simu za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na hadi leo mbinu hiyo ndiyo inayofanya orodha ndefu isogee bila kukwama.

Sasa aliyeandika programu hii aliandika hivi: kama mwanachama hajalipa, paka nyekundu. Akaishia hapo. Hakuandika: kama amelipa, rudisha nyeupe. Sahani haikuoshwa. Mstari uliopakwa nyekundu kwa ajili ya mdaiwa wa kweli ukazunguka na rangi yake, ukatua kwa jina la pili, kisha la tatu. Nilihesabu. Mdaiwa halisi alikuwa nambari 3, na nyekundu za uongo zilijitokeza takriban kila baada ya mistari 11, kisha zikahama nilipopandisha orodha kwa kasi. Yeyote aliyeandika majedwali ya simu kwa miezi sita anaitambua dalili hii akiwa amefumba macho.

Tiba yake ni mstari mmoja wa msimbo. Kwenye iPhone unaweka rangi kila mara seli inapojazwa, iwe mtu amelipa au hajalipa, na unaweza kuisafisha pia ndani ya prepareForReuse, sehemu ya msimbo inayoendeshwa kabla seli haijatumika tena. Kwenye Android unafanya hivyohivyo ndani ya onBindViewHolder, sehemu inayojaza kila mstari. Kila hali ipewe rangi yake, hata kama rangi yenyewe ni ile ya kawaida.

Ndiyo maana nilidhani nikiwaandikia wenye programu watashukuru. Niliwaandikia Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye matatu, nikaweka picha tano za skrini na maelezo ya chanzo. Jibu la kwanza: futa programu kisha uipakue upya. Nikafanya, nikawatumia picha nyingine. Jibu la pili: simu ya mteja ina nafasi ndogo, afute picha. Nafasi ya kuhifadhi picha inahusiana vipi na rangi ya seli? Jibu la tatu halijaja, lakini Jumatano lilikuja toleo jipya. Nikalifungua nikiwa na matumaini. Nembo imebadilishwa, na kati ya majina ya wanachama wamepenyeza mistari ya tangazo la mikopo. Nyekundu za uongo bado zipo. Chama hiki kinawalipa shilingi 1,500 kila mwezi. Hawa ni akina mama wanaochanga kutoka kwenye faida ya vitunguu, mitumba na mandazi.

Na nikishaanza kuliangalia lile jedwali kwa makini, hasira inaongezeka.

Mistari imebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Hakuna pengo kati ya mwanachama na mwanachama, na upande wa kulia kuna vitufe viwili, "Thibitisha" na "Toza faini", vimegusana. Mwongozo wa Apple unasema eneo la kubonyeza lisipungue nukta 44 kwa 44. Wa Google unasema 48, karibu milimita 9 kwenye kioo, na vitufe viachiwe pengo la 8 kati yao. Vipimo hivi vimezingatia ukubwa wa ncha ya kidole cha binadamu. Mweka hazina wetu ana vidole vya mtu aliyefua na kulima maisha yake yote, na simu yake ina kioo kilichopasuka pembeni. Ameniambia mwenyewe kwamba mara mbili mwaka huu alimtoza faini mtu aliyekusudia kumthibitisha, na hapakuwa na kitufe cha kughairi.

Hapa nitawatetea waandishi wa programu kidogo, maana nami nimeumia pale pale. UITableView haina mpangilio wa kuweka nafasi kati ya seli na seli. Unatafuta siku nzima, haupo. Kuna rangi ya mstari unaotenganisha, kuna urefu wa seli, lakini pengo lenyewe hulipati. Ukilitaka likiwa tayari, unahamia UICollectionView, aina nyingine ya orodha iliyokuja na iOS 6 mwaka 2012, au unafanya ujanja. Wengi huanza na ujanja mbaya wa kupunguza fremu ya seli kwa nguvu, halafu wanashangaa jedwali likianza kuruka wakifuta mstari au simu ikigeuzwa. Ujanja unaodumu ni kuiacha seli yenyewe bila rangi, kisha ndani yake kuweka kisanduku chenye rangi, kikiwa na ukingo wa nukta 6 juu na 6 chini. Macho yanaona pengo la 12. Njia nyingine ni kumpa kila mwanachama sehemu yake, na pengo likawa kijachini cha sehemu hiyo. Kwenye RecyclerView kuna ItemDecoration, unaandika kipande kidogo cha msimbo cha mistari kumi na kazi imekwisha. Kwa hiyo ugumu upo, nakubali, lakini umeshatatuliwa miaka mingi. Mtu anayetoza pesa kila mwezi hana pa kujificha.

Kuna jingine ambalo shangazi hakulitaja, nililigundua nilipowasha mandhari meusi usiku. Tangu mwaka 2019, iOS 13 na Android 10 zilipotoka, simu hugeuza maandishi kuwa meupe skrini ikiwa nyeusi. Wao rangi ya seli za "amelipa nusu" wameibandika njano hafifu isiyobadilika, na maandishi wameyaachia mfumo. Ukiwasha mandhari meusi unapata maandishi meupe juu ya njano hafifu. Husomi jina, husomi kiasi. Kiwango cha kimataifa kinataka tofauti ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake, na kinakataza habari kubebwa na rangi peke yake, kwa sababu wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Neno "Amelipa" lingeandikwa tu mbele ya jina, rangi iwe nyongeza, na Jumapili ile mwenyekiti angeona neno likipingana na rangi na kusita kabla ya kutoza faini.

NIMEONGEZA, saa tatu usiku: Wameuliza wengi kwa nini wenye programu wasihamie SwiftUI, Compose au Flutter, zana mpya zaidi za kuandikia programu za simu. Ni kweli huko rangi inachorwa upya kutokana na data ya mwanachama, kwa hiyo kosa hili la kusahau kurudisha nyeupe ni vigumu kulifanya, na pengo la LazyColumn, orodha ya Compose, unaliandika kwa neno moja. Lakini wasijifiche nyuma ya kuhama. Kuandika programu upya ni kazi ya miezi, na shangazi yangu ana mkutano Jumapili ijayo. Ule mstari mmoja unaandikwa leo usiku.

Na wewe uliyesema "ni faini ya mia mbili tu": mia mbili ni nauli yake ya siku mbili. Halafu kwenye chama anayeonekana mdaiwa anasogezwa nyuma kwenye zamu ya kupokea. Zamu yake ni mwezi ujao, na pesa hiyo ndiyo karo ya mjukuu.

Sijaitaja kampuni kwa sababu nimewapa hadi Ijumaa. Ninachotaka kwao ni toleo lililorekebishwa, na barua fupi kwa mwenyekiti inayosema kwamba rangi zile zilikuwa kosa la programu na si la mwanachama. Ninyi mnaoandika programu za vyama, SACCO, kodi za nyumba, chochote chenye orodha ya watu na pesa, fungueni orodha yenu sasa hivi, mwe na data ya watu 40, msogeze juu na chini mara tano mkitazama rangi. Nanyi mlio wanachama, mkiona nyekundu bonyezeni jina muone ukurasa wa ndani kabla ya kumhukumu mtu, na msitupe lile daftari la mkono.

Jumapili nitamsindikiza shangazi. Nimechapisha picha za skrini kwenye karatasi, ile ya mstari mweupe na ile ya mstari mwekundu, zimepishana sekunde nane, pamoja na ujumbe wake wa M-Pesa. Mwenyekiti ameshakubali kunipa dakika kumi kabla ya michango kuanza. Nitaomba 200 zirudishwe mkononi mwake pale pale, mbele ya wale wale 33.