Nimeteuliwa kukagua zahanati nami si mtaalamu wa afya. Nianzie wapi?

Mjumbe mpya
Ndugu zangu, habari. Nimeingizwa kwenye kamati ya kukagua usalama wa huduma katika zahanati tunayotibiwa. Mimi ni seremala, uuguzi sikuusomea. Nimepewa fomu ya kurasa kumi na moja, kila swali ni ndiyo au hapana: friji ipo? dawa za dharura zipo? sabuni ipo? Muda ni asubuhi moja tu. Naogopa nitaonyeshwa vitu, nitaweka alama ya vema, nitaondoka, kisha mtoto wa mtu aumie kwa jambo nililolipita. Mama yangu mzazi anatibiwa sukari hapo hapo. Aliyewahi kukagua anielekeze: niangalie nini hasa?

Muuguzi mkaguzi
Fomu ijaze, ila isikuongoze. Nina miaka ishirini na miwili ya uuguzi, minane ya mwisho nimekuwa nikikagua, na njia ninayoiamini ni hii: shika kitu kimoja ukifuate tangu kinapoingia mpaka kinapoishia. Sindano moja. Chupa moja ya chanjo. Jibu moja la maabara.

Anza na sindano. Simama kwenye chumba cha sindano, uone ikishamchoma mgonjwa inakwenda wapi. Kisanduku cha kutupia kiwe pale mkono unapofika bila kupiga hatua, na kikijaa robo tatu kifungwe. Ukiona kimefurika, au mtu anarudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili, andika. Kisha kifuate kisanduku mpaka kwa mhudumu wa usafi anayekibeba. Huyo usimkose. Zungumza naye bosi wake akiwa mbali: amechanjwa homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu? Akichomwa leo, anakwenda kwa nani? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ina maana. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa sindano kwa urahisi kuliko hata VVU, lakini mara nyingi nimekuta madaktari wamechanjwa na anayebeba taka hajakumbukwa. Linaniuma kila ninapolikuta.

Friji ya chanjo iwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Watu huhofia joto wakasahau baridi. Chanjo za pepopunda na homa ya ini B zikiganda zimeharibika, na zikiyeyuka mtu asiye makini haoni tofauti. Tazama kama chupa zimegusa ukuta wenye barafu. Soma kipimajoto mwenyewe kabla hujafungua chati. Chati yenye nyuzi 4 asubuhi na jioni mwezi mzima hunitia shaka kuliko ile yenye siku moja mbaya, na pembeni yake maelezo ya walichofanya.

Sasa dharura. Kuna zahanati niliyokagua, dawa zote za kwenye orodha zipo, hakuna iliyopita muda. Nikamwambia muuguzi wa zamu: mtoto amechomwa penisilini, amevimba midomo, anapumua kwa shida, niletee adrenalini. Nikatazama saa. Kabati limefungwa. Ufunguo anao mganga mfawidhi. Mganga yuko kikaoni. Dakika kumi na moja! Kwenye fomu ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeandikwa "ipo". Yule binti alilia, nami sikumlaumu, maana utaratibu wa ufunguo hakuupanga yeye. Tangu siku ile siulizi kama dawa ipo. Naomba iletwe.

Fundi wa vifaa tiba
Niongeze kuhusu otoklevu, ule mtambo wa kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa moto. Ule utepe unaobadilika rangi unakuambia kifurushi kimepita kwenye joto, haukuambii kwamba vijidudu vimekufa. Kwa nyuzi 121, vifaa vilivyofungwa kwa kitambaa huhitaji dakika 30, na saa inaanza kuhesabiwa joto likishafika hapo, si mtambo unapowashwa. Wengi hukosea hapo. Omba daftari la mizunguko, kisha mwambie anayeendesha akueleze kwa mdomo wake. Na mashine ya presha yenye mshale: kabla ya kujazwa upepo, mshale usimame kwenye sifuri. Wewe seremala utanielewa, futi iliyokatika ncha huipimii mbao.

Mjumbe mpya
Shikamoo mama, na asante sana fundi. Mama, umetaja jibu la maabara ila hukulieleza. Hilo ndilo linanigusa. Mzazi wangu hupimwa, kisha anakaa nyumbani akisubiri kuitwa.

Muuguzi mkaguzi
Marahaba mwanangu. Nililiacha kwa kuwa linahitaji uangalifu, siri za wagonjwa si zako kusoma. Mwombe mtabibu aliye kwenye kamati yenu afungue daftari la maabara, achague jibu moja baya la miezi miwili iliyopita, tuseme sukari iliyopanda sana, halafu faili litafutwe. Yeye asome, wewe usikie tarehe tu: jibu lilitoka lini, nani aliliona, mgonjwa aliambiwa lini, alibadilishiwa nini. Uliza pia mwenye zamu akiwa likizo, majibu yake husomwa na nani. Zahanati nzuri hujibu hilo bila kutazamana.

Mkikuta jibu limebanwa nyuma ya faili, halina saini wala tarehe ya kusomwa, wekeni fomu chini. Msihamie ukurasa mwingine mpaka mtu amepiga simu kujua mgonjwa huyo yuko wapi leo.