Tupeane uzoefu: nadharia zako za mtaani kuhusu tabia za watu mtandaoni

Mtoa mada
Wakuu, salaam.

Kuna Mmarekani anaitwa Mike Godwin. Mwaka 1990 alisema mjadala wa mtandaoni ukizidi kurefuka, uwezekano wa mtu kufananishwa na Hitler unakaribia 1, yaani lazima itokee tu. Hakuvaa koti jeupe wala kuingia maabara, alikaa tu akaangalia watu wanavyobishana. Leo ana sheria yenye jina lake. Mimi nimekaa kwenye magrupu miaka yote hii nimevuna nini? Macho kuuma.

Kwa hiyo naanza na yangu, inaitwa Kanuni ya Nakuja: mtu akiandika "nakuja" katikati ya maongezi, huyo haji. Anayerudi kweli huwa haagi.

Kilichonikuta: rafiki yangu aliniandikia saa nne usiku, "Kuna jambo zito nataka nikwambie. Nakuja." Nikakaa na simu mkononi. Saa sita, kimya. Asubuhi, kimya. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nini, nani anaumwa, nani kamwambia nini kuhusu mimi. Nikapitia hadi maongezi yetu ya mwaka juzi kutafuta kosa langu. Siku ya tatu akaibuka: "Mambo." Nikamuuliza lile jambo zito vipi? "Ah, hata sikumbuki lilikuwa nini."

Masharti ya uzi: nadharia iwe na jina, iwe na kisa kilichokukuta wewe, na usitaje jina la mtu. Mimi nina kisa kingine cha picha niliyoituma grupu la kazini kwa bahati mbaya. Nitakileta uzi ukichangamka.

Mzee wa Tiki Moja
Naleta Kipimo cha Salamu. Ukubwa wa mzinga unaopigwa unalingana na idadi ya salamu zinazotangulia. "Mambo" peke yake, hiyo ni stori tu. "Mambo, za siku?" hapo ni hela ya vocha. Ikifika "familia hawajambo, kazi inaendaje, tumemisiana sana kaka", kaa chini kabisa, maana hiyo ni kodi ya nyumba.

Sasa kuna jamaa tuliosoma naye, hatujaongea miaka minne. Siku hiyo akaja na salamu tano mfululizo, ya tano ikiwa "Mungu ni mwema." Nikajua leo nimekwisha. Nikaamua kumuwahi: "Ndugu yangu afadhali umenitafuta, nimekwama vibaya, nilikuwa nakuja kwako unikwamue."

Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Pole sana. Mimi nilitaka namba yako nikurudishie ile hela uliyonikopesha. Ngoja basi nikuongezee kidogo."

Akatuma kweli, na akaongeza kweli. Niliona aibu nikashindwa hata kuandika asante vizuri. Nadharia nikaizika siku ile ile. Mwezi uliopita karudi na salamu sita. Nimeifufua.

Kiti cha Nyuma
Nimeweka kambi.

Mtoa mada
Mkuu, kambi bila kisa hairuhusiwi. Toa chako.

Kiti cha Nyuma
Haya, msinipige. Nadharia ya Bundi. Bundi ni yule anayeona kila kitu usiku kucha na hatoi sauti. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja, Jakob Nielsen, aliandika kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, na mmoja ndiye anayebeba karibu kelele zote. Kwa hiyo mimi ni kawaida, nyie ndio mna matatizo.

Lakini hata bundi ana mbabe wake. Shangazi yangu hajawahi kujibu ujumbe wangu hata mmoja. Nimemsalimia, nimemtakia sikukuu, nimemuuliza hali, amekausha. Ila stetasi zangu zote kaziangalia, na mara nyingi ndiye wa kwanza. Tulipokutana ana kwa ana hakuniuliza hata habari. Alianza na "Lile shati ulilovaa Ijumaa ndilo ulilolivaa Jumanne, mwenzetu una moja?" Halafu akaniuliza yule dada wa kwenye picha ya tatu ni nani. Ya tatu! Mimi mwenyewe sikumbuki ya tatu ilikuwa ipi.

Bi Shughuli
Nyie wanaume mnacheka, mimi langu lilinitoa jasho. Ugonjwa wa Anaandika.

Kuna kaka nilimpenda, nikaona nisife na siri moyoni. Nikaandika ujumbe mrefu, nikausoma mara kumi, nikafumba macho nikatuma. Tiki zikageuka bluu papo hapo. Juu pale pakatokea "anaandika…" Ikapotea. Ikarudi. Ikapotea. Jamani, dakika 11! Nilishapanga mpaka nitajibu nini akikubali, nitajibu nini akikataa, na nitasema nini nikitaka kujifanya simu ilichukuliwa na mdogo wangu.

Jibu likaja: "Sawa."

Nadharia yangu ndiyo hiyo: mtu akiandika muda mrefu, ujumbe unakuwa mfupi. Yale maneno ya maana yote ameyafuta, kilichofika kwako ni mabaki.

Kwa wanaotaka kujua mwisho wake, huyo kaka leo ni mume wangu. Nimemuuliza mara nyingi zile dakika 11 alikuwa anaandika nini, anasema hakumbuki. Juzi nikamchungulia begani, anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Alikuwa anamjibu fundi bomba. Fundi naye kapata "Sawa."

Mtoa mada
Hahaha, Bi Shughuli, fundi alikubaliwa haraka kuliko wewe au mlilingana?

Bi Shughuli
Usinichokoze. Lete ile picha ya kazini.

Mvuvi wa Majibu
Mimi natumia Nadharia ya Chambo na inanilipa kila siku. Ukitaka msaada kwenye grupu usiulize swali. Sema jambo la uongo kwa kujiamini.

Simu yangu iliingia maji. Nikaandika kwenye grupu la tuliosoma pamoja, watu zaidi ya mia: "Jamani naombeni msaada, simu imelowa nifanyeje?" Wakawa kimya kama wamemwagiwa maji wao. Na hili lina maelezo, wanasaikolojia Darley na Latané walilichunguza mwaka 1968: wanaoshuhudia wakiwa wengi, kila mmoja anadhani mwenzake ataenda kusaidia. Nikasubiri saa nzima. Kisha nikaandika kwa simu ya mdogo wangu: "Simu ikilowa dawa yake ni kuichemsha kidogo jikoni maji yatoke na mvuke."

Waliamka hadi ambao tulishawatoa kwenye hesabu. Mmoja alituma maelezo ya hatua tisa: zima, usichaji, usiitikise. Mwingine akaniita mjinga kwa herufi kubwa, lakini ndani ya matusi yake mlikuwa na ushauri mzuri kuliko wa wote. Wenzetu wanaiita Sheria ya Cunningham, kwa jina la bwana aliyetengeneza "wiki" ya kwanza mwaka 1995, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri. Yaani ni kama huyo Godwin aliyetajwa na mtoa mada, aliyesema maneno yake mwaka 1980.

Kiti cha Nyuma
Ni 1990, mkuu. Soma vizuri.

Mzee wa Tiki Moja
1990! Watu hamsomi mnaandika tu.

Mvuvi wa Majibu
Nawashukuru kwa kushiriki majaribio. Hata bundi kaongea.

Dada wa Sauti
Yangu fupi: Ngoma ya Mwisho. Mtu akituma sauti ya dakika saba, jambo lenyewe liko kwenye sekunde kumi za mwisho, baada ya "sasa nilichokuwa nataka kukwambia…" Tangu WhatsApp walete kitufe cha kuongeza kasi mwaka 2021, mama yangu namsikiliza mara mbili ya kasi yake. Shida ni kwamba nikienda kumsalimia nyumbani namuona kama anaongea usingizini. Siku moja alikuwa ananisimulia, kidole changu kikaenda chenyewe kubonyeza hewani. Akaniuliza nafukuza nini.

Kiti cha Nyuma
Nimecheka hadi nimetoka kambini. Ila nakumbusha, mtoa mada ana deni. Na mimi kuhusu hilo nina dogo, naliita Kaburi Jipya: ukifuta ujumbe, ndipo kila mtu anataka kujua umezika nini. Kitufe cha kufuta kwa wote kilipokuja 2017 ulipewa dakika 7 tu za kujiokoa. Sasa hivi muda ni mrefu, lakini haisaidii, kile kibandiko cha "ujumbe umefutwa" ni tarumbeta. Bora ungeiacha picha ionwe na watatu kuliko kuulizwa na thelathini.

Mtoa mada
Mkuu umegusa kidonda. Kwangu aliyeuliza wa kwanza alikuwa bosi.

Bi Shughuli
Eeeh! Aliuliza nini? Picha ya nini? Tumekaa mkao wa kula.

Mtoa mada
Hiki kisa ni kizito, kinataka utulivu. Nakuja.

Mzee wa Tiki Moja
Saa ya tano sasa.

Bi Shughuli
Jana alikuwa hewani, nimemuona kwa macho yangu.

Mvuvi wa Majibu
Ngoja nitupe chambo. Wakuu, nimesikia ilikuwa picha ya bosi mwenyewe amelala kikaoni.

Kiti cha Nyuma
Hajanasa. Siku ya tatu leo.

Mtoa mada
Mambo wakuu.