Nina siliaki, dawa za mafua na kichwa nitajuaje hazina gluteni?

Tumbo_Nyeti:
Habari zenu wandugu. Vipimo vimeonyesha nina siliaki, yaani utumbo wangu unaumizwa na gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai, hivyo nafaka hizo nimeshaachana nazo, chakula nimeanza kukizoea. Shida imekuja kwenye dawa. Mafua yamenibana, kichwa kinagonga, nina pakiti ya parasetamoli hapa naigeuza huku na huku, dawa yenyewe wameitaja na miligramu zake, ila vile vingine vinavyoshikilia kidonge kisimeguke wameandika stachi (wanga) basi. Stachi ya nini sasa? Sitaki ninywe kitu kinirudishe kwenye kuharisha na tumbo kujaa, na kukaa na homa bila dawa nako siwezi. Nyie mnafanyaje?

DadaK:
Pole sana. Hilo swali lako tulio na siliaki wote tumelipitia. Usiishie kwenye boksi, fungua kile kikaratasi kilichokunjwa ndani utafute orodha ya viambato vingine, vile ambavyo havitibu. Stachi ya vidonge mara nyingi inatoka kwenye mahindi au viazi, wakati mwingine muhogo, hizo hazina shida kabisa, ya kuiangalia ni ya ngano. Ukikuta selulosi, magnesiamu stearati, talki, silika, usihangaike navyo, havina gluteni. Laktosi, sukari ya maziwa, pia haina, ila wewe ambaye ndio kwanza umegundulika utumbo bado umechubuka na unaweza kushindwa kuisaga, ukapata gesi na kuharisha ukadhani umelishwa ngano.

Mfamasia_wa_zamu:
Naongezea kidogo hapo kwa DadaK. Majina mengine yanatisha bure, maltodekstrini kwa mfano watu wanaikimbia kwa sababu ya hiyo "malto" wakidhani ni kimea cha shayiri, wakati kwa kawaida inatengenezwa kwa mahindi. Ya kuulizia ni stachi isiyotajwa chanzo, dekstrini na sodiamu stachi glaikoleti, hiyo ya mwisho kwa kawaida ni viazi lakini uliza tu.

Na kiasi chenyewe ukijue, maana hofu inawatesa watu kuliko hata kidonge. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo 2017, ikasema haijui dawa yoyote ya kumeza iliyoko sokoni kwao iliyotiwa gluteni au unga wa ngano kwa makusudi, na zile chache sana zenye stachi ya ngano walikadiria gluteni haizidi nusu miligramu kwa dozi moja. Sasa linganisha, chakula kinachoruhusiwa kuandikwa hakina gluteni kinaweza kuwa na hadi miligramu 20 kwa kilo, maana yake gramu 100 za mkate wa aina hiyo zinaweza kukupa miligramu 2. Ulaya nako stachi ya ngano ikiwepo kwenye dawa ni lazima itajwe kwenye kikaratasi.

Ukipiga simu kwa watengenezaji usiulize "dawa yenu ni salama?", watakujibu hawawezi kuthibitisha na hapo hujapata kitu. Waulize stachi yenu inatoka kwenye nini, na kuna chochote cha ngano, shayiri au rai mnachotia. Wasomee na namba ya toleo iliyoko kwenye pakiti. Na ukibadilisha kampuni unaanza upya, dawa ni ile ile lakini vya kujazia vinatofautiana.

Bwana_Shamba:
Mimi sikubaliani sana na hayo ya "kiasi kidogo". Kuna dawa ya kikohozi ya maji nilikunywa nikaharisha usiku kucha, na kwenye chupa hakukuwa na stachi wala nini.

Mfamasia_wa_zamu:
Pole kaka, sikatai kwamba uliumwa. Ila tazama kama imeandikwa sobitoli au manitoli. Ni sukari za kutia utamu kwenye dawa za maji na za kutafuna, zinavuta maji tumboni na mtu yeyote anaweza kuharisha, mwenye siliaki ndio kabisa. Kama zipo basi kidonge kitakufaa zaidi kuliko maji.

DadaK:
Jamani na vitamini tusizisahau!! Sisi tunaambiwa tutumie madini ya chuma, foliki asidi, vitamini D, na Marekani hizo virutubisho sheria inaziweka kundi la chakula sio dawa. Humo ndio unakuta mafuta ya kiini cha ngano au unga wa majani ya shayiri wameutia eti ni afya. Mimi hapo sina utani, isipoandikwa haina gluteni sinunui.

Tumbo_Nyeti:
Asanteni sana, nimepiga simu nikauliza vile vile mlivyosema, stachi yao ni ya mahindi na hawatii ngano wala shayiri, nimeshakunywa. La mwisho, daktari kaniandikia na dawa ya tezi ya koo (thairoidi) ya kila siku, niisimamishe kwanza mpaka wanijibu?

Mfamasia_wa_zamu:
Hapana ndugu yangu, usiiache hata siku moja kwa ajili hiyo. Endelea kunywa huku unauliza, na ikitokea ina ngano daktari ndiye akubadilishie kampuni. Mwambie pia una siliaki, utumbo ukianza kupona dawa inafyonzwa vizuri zaidi na dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa, watakupima damu.